SOMO LA MWEZI: GARI KUUKUU LA SPOTI, SPRINGI ZAKE NA JASHO LA FUNDI



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona somo la springi na shokapu katika kurasa hizi, mahali mlipozoea kusoma juu ya mishahara, mikataba na haki za mtu aliyeachishwa kazi. Mtauliza: gari la spoti lina uhusiano gani na chama cha wafanyakazi? Si mali ya matajiri hiyo? Tunawaomba msome mpaka mwisho. Mwaka jana kamati yetu ya tawi hapa Kampala iliitwa kusuluhisha ugomvi wa wanachama wawili, mmoja mwenye gari na mwingine fundi, na katika ugomvi huo sisi wenyewe tulikosea. Yale tuliyojifunza baada ya kukosea ndiyo tunayowaletea leo.

1. UGOMVI ULIVYOANZA

Mwanachama wetu mmoja ni dereva wa lori. Alinunua Subaru Impreza ya turbo, iliyotengenezwa mwaka 1999, kwa fedha alizokusanya kidogo kidogo. Jina lake hatulitaji, wala la fundi, lakini wote wawili wameturuhusu kusimulia. Gari lilipoanza kugonga upande wa mbele kila linapoingia shimoni, alilipeleka kwa fundi ambaye naye ni mwanachama, katika gereji isiyo na paa. Fundi alilitazama akasema: boljointi zimelegea, shokapu mbili za mbele zinavuja mafuta, na mauntingi, yaani zile raba za juu zinazoshika shokapu, zimepasuka. Kwa kazi ya shokapu peke yake alitaka shilingi 150,000.

Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua shokapu mbili za mtumba pamoja na springi fupi za kulishusha gari chini, ili lifanane na magari ya mashindano. Fedha ilikuwa imekwisha. Akamwambia fundi, "Ndugu yangu, sisi sote ni wafanyakazi, nisaidie." Wakavutana mpaka malipo ya kazi yakashuka hadi 60,000. Fundi alikubali kwa sababu siku ile hakuwa na kazi nyingine, na nyumbani karo ya shule ilikuwa ikidaiwa.

Sasa angalieni yaliyofuata. Fundi hakuwa na chombo cha kubania springi. Huwa anakikodi kwa jirani kwa siku. Kwa malipo ya 60,000 aliona kwamba akikikodi atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo aliifunga springi kwa waya, kisha akafungua nati ya juu ya shokapu. Waya ukakatika. Springi ikaruka na kumvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikaa wiki saba bila kufanya kazi.

Mwenye gari akalalamika kwamba gari lake limeachwa limefunguliwa. Fundi akadai gharama za matibabu. Kamati ikaitwa. Tulikaa nao jioni moja, tukaamua wagawane hasara nusu kwa nusu, wakapeana mikono, nasi tukaondoka tukijisifu kwamba tumelinda umoja. Siku ya pili yake mke wa fundi alikuja ofisini. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nusu ya nini? Nusu ya mkono?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumegawa hasara bila kuuliza swali la maana kuliko yote: kwa nini mwanachama wetu alifungua springi bila chombo? Jibu lilikuwa katika bei. Mwenye gari kuukuu asiyekuwa na mpango hukata gharama pale panapokatika kwa urahisi, na panapokatika kwa urahisi ni kwenye malipo ya fundi. Somo hili linataka kuonyesha kwamba hapo ndipo penye faida ndogo na hatari kubwa, na kwamba iko njia nyingine ya kuumudu ukarabati huo.

2. MFANYAKAZI AMELIPATAJE GARI LA SPOTI?

Tusimcheke dereva wetu. Watu wa nchi zetu wameyajua magari haya tangu zamani, si kwenye magazeti bali kando ya barabara. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 na mwaka 1973 yalishindwa na gari dogo la spoti la Kijapani, Datsun 240Z. Aliyeliendesha mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa Kampala mwaka 1945. Baadaye zikaja Subaru. Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Mtoto aliyesimama kwenye vumbi akiyapungia mkono magari yale ndiye leo mtu mzima mwenye mshahara mdogo na hamu kubwa.

Tena magari haya yakizeeka bei yake hushuka, kwa sababu yanakunywa petroli nyingi na matengenezo yake ni ghali. Hapo ndipo mfanyakazi huingia. Anaona bei ya kununua, haoni bei ya kutunza. Hapa Uganda sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilikataza kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Kwa hiyo Impreza za miaka ya 1990 tulizo nazo ni zile zilizokwisha kuingia zamani. Zimepita kwenye mikono mingi na mashimo mengi. Na mashimo ya Kampala hayahitaji kuelezwa: mwaka 2023 wananchi waliyafanyia maonyesho ya picha kwenye mitandao, mpaka wakubwa wakayajibu.

3. VITU VILIVYO CHINI YA GARI

Mwenye gari asiyejua majina ya vitu hununua asichokihitaji. Tujifunze vichache.

Springi hubeba uzito wa gari. Shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kushtuliwa. Gari lenye shokapu zilizokufa hurukaruka, tairi huachana na barabara, na tairi isiyogusa barabara haiwezi kufunga breki wala kukata kona.

Katika Impreza za wakati ule shokapu imesimama katikati ya springi, na viwili hivyo vimefungwa pamoja kama nguzo moja, mbele na nyuma. Mpango huu ulibuniwa katika miaka ya 1940 na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na hata ile Datsun 240Z ilitumia nguzo za namna hiyo. Ni mpango mwepesi na wa gharama nafuu kiwandani. Lakini kwa fundi una jambo moja la kukumbuka daima: ili kubadili shokapu ni lazima kwanza springi ibanwe. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu.

Wishboni ni mkono wa chini unaolishika gurudumu. Mwishoni mwake ipo boljointi, kiungo cha mviringo kama cha nyonga, kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka. Tairodi hupeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Bushi ni raba zilizo katikati ya vyuma ili visigongane. Linki za stablaiza hulisaidia gari lisilale upande mmoja kwenye kona.

4. KAGUA KABLA YA KWENDA DUKANI

Kosa la kwanza la dereva wetu lilikuwa kwenda kwenye maduka ya spea kabla ya kwenda kwa fundi. Alisikia mlio, akafikiri ni shokapu, akanunua shokapu. Mlio mmoja unaweza kutoka kwenye vitu vitano.

Kwa hiyo lipa kwanza kazi ya ukaguzi. Ni kazi kama kazi nyingine, nayo ina malipo yake, hata kama fundi hakufungua nati moja. Gari linyanyuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Fundi ashike gurudumu juu na chini alitikise. Likicheza, atafute kama ni beringi au boljointi. Kisha alishike kushoto na kulia alitikise. Likicheza, aangalie tairodi. Kwa boljointi ya gari hili kutikisa hakutoshi. Gurudumu likiwa linaning'inia, ni vizuri apenyeze mtaimbo mdogo kati ya wishboni na kiungo, anyanyue taratibu, na kutazama kama pana mwanya.

Shokapu itazamwe kama inavuja mafuta. Wengi hukandamiza kona ya gari na kuhesabu linavyoruka; njia hiyo husaidia, lakini shokapu iliyochoka nusu huweza kuipita. Pitisha kiganja juu ya tairi pia. Tairi yenye mabonde na vilima kama bati la mgongo hutoa ushahidi kwamba huenda shokapu haifanyi kazi. Tairi iliyolika upande mmoja huonyesha gurudumu halisimami sawa, na sababu huweza kuwa bushi, tairodi au alaimenti.

Mwisho wa ukaguzi mwenye gari aombe orodha iliyoandikwa. Hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, iandikwe.

5. GAWANYA ORODHA KATIKA MAFUNGU MATATU

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Orodha nzima humtisha mfanyakazi, akakata tamaa au akachukua kilicho rahisi. Ikigawanywa, hutembeka.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyoua. Boljointi iliyolegea ikichomoka, gurudumu hulala na gari halina tena mwelekeo. Tairodi ikikatika, usukani unageuka lakini gurudumu haligeuki. Hali kadhalika springi iliyovunjika na beringi iliyoachia. Vitu hivi havingoji mwisho wa mwezi. Kama fedha haipo, gari lisimame. Dereva apande taksi au bodaboda kama sisi wengine, na petroli asiyoinunua aiweke kwenye akiba ya matengenezo.

Fungu la pili ni vitu vinavyokula vitu vingine. Shokapu inayovuja hula tairi na kurefusha safari ya breki. Bushi zilizokwisha hula tairi na kuichosha boljointi mpya uliyoinunua jana. Mambo haya yapangiwe miezi, yasiachwe miaka. Na kama shokapu imekufa kabisa hata gari linayumba, hiyo imekwisha kuhamia fungu la kwanza.

Fungu la tatu ni kelele na urembo. Linki ya stablaiza inayogonga kidogo husumbua masikio kuliko inavyohatarisha maisha. Ishughulikiwe kwa zamu yake, ila iangaliwe isije ikakatika. Springi fupi, rimu pana na vyuma vya kupamba ni vya mwisho kabisa. Kwa barabara zetu, gari lililoshushwa hugonga chini kila siku na kuzimaliza shokapu mapema. Kumbukeni pia kwamba magari ya Safari hayakuja huku yakiwa yameshushwa. Yalinyanyuliwa ili yavuke mawe na mito. Anayetaka kulifananisha gari lake na gari la Safari aliache lisimame juu.

6. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia. Kila mmoja aweke za soko lake.

Awamu ya kwanza: boljointi mbili 120,000, tairodi mbili 100,000, kazi ya fundi 60,000, alaimenti 50,000. Jumla shilingi 330,000.

Awamu ya pili: shokapu mbili mpya za mbele 500,000, mauntingi mbili 120,000, raba za kuzuia vumbi na vizuizi vyake 40,000, bushi za wishboni 80,000, kazi ya fundi 150,000, alaimenti 50,000. Jumla 940,000.

Awamu ya tatu: linki mbili 60,000, kazi ya fundi 20,000. Jumla 80,000.

Jumla kuu ni 1,350,000. Sasa tazameni malipo ya fundi katika awamu zote tatu: 60,000 na 150,000 na 20,000, yaani 230,000. Haifiki hata sehemu moja ya tano ya gharama yote. Mwenye gari akimkaba fundi mpaka akubali nusu, atakuwa ameokoa 115,000 tu. Ni kama shilingi nane na nusu katika kila mia.

Linganisheni na kosa la mpango. Mtu anabadili shokapu, lakini anaacha mauntingi ya zamani yaliyopasuka ili asitoe zile 120,000. Baada ya miezi mitatu mlio unarudi. Ili kufikia mauntingi ni lazima nguzo ile ile ishushwe, springi ile ile ibanwe tena, na alaimenti ifanywe tena. Hapo atalipa kazi 150,000 mara ya pili na alaimenti 50,000. Jumla 200,000 imepotea kwa kitu ambacho siku ile kingewekwa bila kuongeza jasho. Kwa hiyo kanuni ni hii: vitu vinavyofikiwa kwa kufungua nati zile zile vibadilishwe siku moja. Ukiweza kuunganisha awamu ya kwanza na ya pili, utaokoa pia alaimenti moja.

Yapo mambo mengine matatu ambayo huokoa fedha zaidi ya ubishi wa bei.

Kwanza, shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja. Mpya upande huu na mzee upande ule hufanya gari livute na kuyumba.

Pili, bolti za bushi za raba zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote ukiwa chini. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, raba hushikwa ikiwa imepinda, na gari likishushwa hujisokota. Bushi kama hiyo hupasuka mapema, kisha fundi husema spea ni mbovu, na duka husema fundi ni mbovu.

Tatu, kabla ya kufungua nguzo ya mbele, weka alama ya rangi kwenye bolti inayolaza au kusimamisha gurudumu, ili irudi karibu na mahali pake. Alama hiyo haiondoi haja ya alaimenti, lakini humwezesha mtu kufika kwenye mashine bila kuimaliza tairi njiani.

Na shokapu za mtumba je? Hatusemi ni haramu. Lakini shokapu iliyotumika Japani kwa miaka kumi na kitu imekwisha kula sehemu ya maisha yake, na huwezi kuyaona yaliyobaki kwa macho. Kama bei yake ni nusu ya mpya na inadumu robo ya muda, umenunua ghali, tena utalipa kazi mara nne. Kwa vyuma visivyochakaa upesi, kama wishboni yenyewe, mtumba ulionyooka na usio na ufa unaweza kufaa. Kwa boljointi na tairodi, hapana.

7. FEDHA ITOKE WAPI?

Wakopeshaji wa mtaani hupenda sana wenye magari, maana kadi ya gari ni dhamana. Mtu akikopa zile 940,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, atalipa riba 94,000 kila mwezi. Kama kwa miezi sita analipa riba tu bila kupunguza deni, ametoa 564,000. Hiyo inazidi bei ya shokapu mbili, na deni bado limekaa palepale. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ulizieni leseni kabla ya kuonyesha kadi ya gari.

Njia yetu ni chama cha kuweka na kukopa. Kwa awamu ya kwanza, ambayo haingoji, mwanachama akope 330,000. Tuseme riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, kwa miezi sita. Atarudisha 55,000 kila mwezi, na riba ya miezi yote sita itakuwa 23,100 tu. Kwa awamu ya pili aweke akiba. Akiweka 25,000 kila wiki, 940,000 zitatimia katika wiki 38. Ni muda mrefu, ndiyo. Lakini anaweza kununua kitu kimoja kimoja kila anapofikisha bei yake, akakihifadhi nyumbani pamoja na risiti, mpaka siku ya kufunga vyote kwa pamoja. Fedha ya fundi iwekwe kando tangu mwanzo, katika bahasha yake, isiguswe. Isiwe ndiyo inayobaki baada ya duka kushiba.

Hapa tuseme na neno chungu. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, petroli, tairi na matengenezo, ukakuta gari linakula chakula cha watoto, liuze lingali linatembea. Kuuza gari si aibu. Aibu ni kulitunza kwa mkono wa mtu mwingine.

8. JASHO NA USALAMA WA FUNDI

Sasa tunawageukia wanachama wa gereji. Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe kamwe kabla springi haijabanwa mpaka ikaachia vikalio vyake na kuchezeka. Waya, kamba na mnyororo si vyombo vya kubania springi. Chombo kinachotakiwa kina ndoano na parafujo ndefu. Kifungwe pande mbili zinazoelekeana, kila upande ukazwe kidogo kidogo kwa zamu, na fundi asiweke uso wala kifua mbele ya mwisho wa springi. Parafujo iliyolika itupwe.

Anayeajiriwa na mwenye gereji ana haki zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Lakini fundi anayejitegemea chini ya mwembe hana mwajiri wa kumdai. Mwajiri wake ni bei anayoikubali. Kwa hiyo bei ya kazi ni lazima iwe na chombo ndani yake. Fundi akisema 150,000, aseme wazi: humu mna kukodi chombo, mna grisi, mna siku yangu moja. Mteja akiona vilivyomo, ubishi hupungua. Na akitaka kushusha, aulizwe: tuondoe kipi?

Baada ya ziara ya yule mama, kamati ilikutana tena. Tulifuta uamuzi wetu wa nusu kwa nusu na kuwaita wote wawili. Mwenye gari alisikiliza hesabu hizi mlizozisoma, akakaa kimya kitambo, kisha akakubali kulipa kazi kwa bei ya kwanza pamoja na matibabu, kwa mafungu matatu. Alizirudisha springi fupi dukani, akapokea fedha pungufu, akanunua boljointi. Tawi nalo lilichangisha, likanunua chombo kimoja kizuri cha kubania springi, kinachoazimwa na mafundi wanachama kwa kuandika jina kwenye daftari. Yule fundi ndiye mtunza daftari. Kidole chake kimoja hakikunji mpaka leo.

Hatusimulii haya ili tujisifu. Kama tungenunua chombo hicho mwaka mmoja mapema, pasingekuwa na ugomvi wa kusuluhisha. Chama hakiwezi kungoja mtu aumie ndipo kihesabu bei ya chombo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa kimekaa kitupu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Katika gereji za tawi lenu, vyombo gani hukodiwa au hukosekana, na mafundi hutumia nini badala yake?

2. Chukueni gari moja kuukuu la mwanachama. Liandikieni orodha, kisha gawanyeni vitu katika mafungu matatu. Je, mnakubaliana kuhusu kila kitu?

3. Fundi anapoambiwa "sisi sote ni wafanyakazi, nipunguzie," ajibu nini bila kuvunja undugu?

4. Kamati yetu iligawa hasara nusu kwa nusu. Ninyi mngeamua nini jioni ile ile, kabla mke wa fundi hajaja?

Majibu yaletwe kwa katibu wa elimu wa tawi. Yatakayosaidia wengine yatachapishwa katika toleo lijalo.

Umoja ni nguvu.